Kibao Kilichosafiri Ndani ya Mfuko wa Unga

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Kihesa. Na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mzione pikipiki zenu, kwenu pia Bwana asifiwe. Nawaelewa. Mimi nami nilikuwa nakaa hapo hapo mlangoni, kwa sababu hiyo hiyo, kabla baba zenu hawajazaliwa.

Mchungaji ameniomba niseme jinsi Mungu alivyoniokoa. Wengine wamesimama hapa wakasema Mungu aliwatoa kwenye pombe, au kwenye ugonjwa uliowashinda waganga. Mimi Mungu alinitoa kwenye bima ya pikipiki. Chekeni tu. Mke wangu, Mama Neema, yule pale mstari wa pili, naye alicheka nilipomwambia nitasema hili. Lakini ndiye anayejua kwamba ni kweli, na leo nimekuja kumsifu yeye pia, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi. Siku hizo mtu wa darasa la kumi alihesabiwa kwa vidole. Misheni ikanipa kazi ya kuzikagua shule za vijijini, kutoka hapa Iringa mpaka Igowole na kurudi. Mwanzoni nilitembea kwa miguu, na mara nyingine nilipanda malori ya chai. Kisha mzungu mmoja mkulima wa chai kule Mufindi akawa anarudi kwao, akauza pikipiki zake mbili. Zilikuwa za aina moja, rangi moja, hata mikwaruzo karibu sawa. Moja nikanunua mimi. Ya pili akanunua Ambakisye, kaka wa mke wangu, aliyekuwa karani Mbeya. Tuliitana mlamu, mimi na yeye, na tulipendana kweli.

Ndugu zangu, sijui niseme nini juu ya pikipiki ile. Niliifuta kila jioni kwa kitambaa ambacho mke wangu alikikusudia kuwa nepi. Nilipokuwa napanda mlima kuingia Kihesa, kina mama walisikia mlio wake wakasema, "Mwalimu huyo, wekeni chai." Niliipenda sauti hiyo kuliko sauti ya kengele ya kanisa. Ninasema hivyo mbele ya madhabahu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Pikipiki ilitaka bima, ndiyo sheria. Wakala wa bima mjini alikuwa mzee wa Kihindi ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Mwaka wa kwanza nilikwenda ofisini kwake nikiwa nimevaa koti na tai. Akaanza kunieleza kuna bima hii na bima ile. Nikamkatiza. Nikasema, "Nipe ile nzuri." Akanitazama kidogo, akaandika, nikalipa mshahara karibu wote wa miezi miwili, nikaweka sahihi ndefu yenye mikia.

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, na nataka mlielewe vizuri. Mke wangu akienda sokoni kununua viazi, alibishana na muuzaji mpaka muuzaji anacheka na kuongeza viazi viwili. Mimi nilimsifu kwa hilo. Lakini kwenye ofisi yenye meza, kalamu na wino, sisi tuliosoma tulikuwa na sheria yetu ambayo hakuna aliyeiandika: msomi haulizi. Kuuliza ni kusema hujui. Kuuliza bei ni kusema huna. Basi tuliweka sahihi kwenye kila karatasi tuliyowekewa, tukatoka tumenyoosha shingo, na nyumbani watoto wakala mboga bila mafuta.

Mwaka wa pili mambo yalibana. Nyumba ya mama yangu ilikuwa imeezuliwa na upepo, nami mwanawe wa kwanza niliahidi bati. Mdogo wangu alikuwa shule. Neema alikuwa amezaliwa. Bima ikaisha muda wake, na sikuwa na fedha ya kulipa nyingine. Ningeweza kwenda kwa Bwana Miwani nikasema, "Mzee, mwaka huu nimebanwa, nifanyeje?" Maneno machache tu hayo. Sikuyasema.

Ambakisye akaja kutusalimia sikukuu ya Pasaka, naye amebanwa vilevile. Tulikaa uani tukizitazama pikipiki zetu mbili zimesimama bega kwa bega. Akasema, "Mlamu, hawa ni mapacha. Hata mama yao hawezi kuwatenganisha. Kwa nini walipiwe mara mbili?"

Mpango wake ulikuwa rahisi. Tuchange, tulipe bima moja tu, ya pikipiki yake. Mwenye safari atafunga kibao cha namba cha pikipiki hiyo na kuchukua cheti cha bima. Asiye na safari atailaza pikipiki yake ndani. Akimaliza mmoja, anafungua nati mbili, anatia kibao na cheti ndani ya mfuko mdogo wa unga, anampa dereva wa basi, na mfuko unakwenda kwa mwenzake, Mbeya au Iringa. Dereva alidhani mashemeji hawa wanapendana mno, kila wiki wanatumiana unga.

Tulijiambia kwamba hatuibi, kwa kuwa pikipiki mbili hazitembei siku moja. Nilimweleza mke wangu kwa fahari, kama mtu aliyegundua dawa. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Baba Neema, kama ni halali, kwa nini inasafiri ndani ya unga?"

Nikamwambia mambo ya sheria hayajui. Mnisamehe, ndivyo nilivyomjibu. Yeye alikuwa ameishia darasa la nne.

Mpango ulitembea miezi kadhaa, na kila mfuko ulipofika salama nilijiona nina akili kuliko serikali. Kisha, mwezi wa saba, shule ya Igowole ikawa na sherehe ya kufungua darasa jipya. Wageni walikuwa wanakuja, wazee wa misheni, watu wa mashamba ya chai. Mfuko ulikuwa Mbeya. Ambakisye alikuwa na safari zake. Mke wangu akanipasia shati na kuniambia, "Panda lori la chai, linaondoka asubuhi hii." Kulikuwa na lori. Kulikuwa na nafasi. Nasema hivyo ili mtu asije akanitetea. Mimi nilitaka kufika Igowole na mlio wangu. Nikafungua kibao changu chenyewe, kile ambacho bima yake ilikuwa imekwisha, nikakiacha nyumbani ili polisi wasije wakaisoma namba isiyo na bima, nikatoka na pikipiki ambayo nyuma iko uchi.

Mnaujua ukungu wa Mufindi mwezi wa saba. Unaona mkono wako tu. Nilikuwa nimebakiza mwendo mfupi kufika, nami nilikuwa nimechelewa, na badala ya kupunguza mwendo nikapiga honi. Mzee mmoja alikuwa anavuka na gunia la viazi mgongoni. Alisikia honi lakini hakujua inatoka upande gani. Nilimgonga mguu. Yeye akaanguka huku, mimi nikaanguka kule, na viazi vikajaa barabarani.

Jina lake lilikuwa Yohani. Alikuwa mkulima wa viazi na mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mjane, anaishi peke yake na mjukuu wa kike mdogo. Mguu wake ulikuwa umevunjika chini ya goti. Lori la chai, lile lile ambalo ningepanda, ndilo lililotuokota na kumpeleka hospitali ya misheni. Pikipiki ikasukumwa mpaka nyumbani kwa mwalimu mkuu wa Igowole. Polisi wakatuma habari kwamba watakuja kuikagua siku ya tatu.

Siku ya pili mke wangu akafika kwa lori, Neema mgongoni. Mkononi alikuwa na mfuko wa unga. Ulikuwa umeletwa na basi la Mbeya, maana habari mbaya haikawii njiani na mlamu alikwishasikia. Ndani yake kulikuwa na kibao, cheti, na barua fupi. Ambakisye aliandika: "Funga kibao kabla hawajaja. Sema uliazima pikipiki yangu. Bima itamlipa mzee, wewe utapona na mimi nitapona. Ataumia nani?"

Ndugu zangu, ile barua ilikuwa na akili. Nikisema kweli, mzee Yohani hapati kitu, maana pikipiki yangu haikuwa na bima. Nikisema uongo, analipwa mguu wake. Uongo ulikuwa umevaa nguo za huruma. Na mimi nikisema kweli, kazi ya misheni imekwisha, labda na jela ipo, na mlamu wangu anazama pamoja nami.

Mke wangu akauweka mfuko mezani, na juu yake akaweka spana. Akasema, "Sikuleta ili ufunge. Nimeleta ili usije ukasema baadaye kwamba hukupata nafasi ya kuchagua." Akatoka nje kumnyonyesha mtoto.

Niliichukua spana. Nasema kweli, niliichukua, nikaitia mfukoni. Lakini kwanza nikaona ni adabu nikamwone mgonjwa.

Nilimkuta Yohani amelala, mguu umefungwa plasta nyeupe mpaka pajani. Nikamsalimia, "Kamwene, baba." Akaitikia, "Kamwene, mwanangu." Nikaanza kumwomba radhi kwa maneno mengi ya kitabuni. Akaniacha niseme. Nilipomaliza akauliza, "Viazi vyangu viliokotwa?"

Nikasema viliokotwa.

"Vyote?"

"Karibu vyote, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Pale barabarani nilipokuwa nimelala, pikipiki yako ilikuwa imeanguka imenielekezea nyuma. Niliitazama muda mrefu, sikuwa na kingine cha kutazama. Haikuwa na namba. Nikasema, labda za walimu huwa hazina."

Sikuona dharau usoni pake. Alisema akiamini. Alikuwa mtu ambaye, akiona mwalimu anafanya jambo asilolielewa, anafikiri ni yeye asiyeelewa. Na hakuwa amemwambia mtu.

Nilitoka nikaenda nyuma ya hospitali, kwenye miti ya mikaratusi. Nikapiga magoti kwenye suruali yangu ya sherehe. Tangu niingie shule nilikuwa nimeomba kwa Kiswahili kizuri, sala zenye mpangilio, hata Mungu nilimwendea kama nilivyomwendea Bwana Miwani, nimevaa tai. Siku ile maneno yalikataa. Yakaja ya Kihehe, lugha ya mama yangu, ambayo sikuwa nimemwomba Mungu kwayo tangu utoto. Nilisema mambo mawili tu. Nilisema, sina. Na nilisema, sijui. Halafu nikauliza, nifanyeje?

Haikuja sauti wala nuru. Lakini nilipoinuka, spana ilikuwa nzito mfukoni kama jiwe, nami nikajua siifungi nati ile. Huo ndio ukombozi wangu. Niliuliza swali, kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima, na dunia haikuanguka.

Polisi walipokuja niliwapa mfuko jinsi ulivyo, na unga wake, na barua sikuificha. Hapo nilimuumiza mlamu wangu, na jambo hilo sijalimaliza moyoni mpaka leo. Ningeweza kwanza kwenda Mbeya, nikakaa naye, nikamwambia ninakwenda kusema kweli, tuende wote. Sikumpa nafasi ambayo dada yake alinipa mimi. Alipoteza kazi. Hatukusemezana miaka mingi, mpaka siku ya kumzika mama yao kule Tukuyu, ndipo aliponyoosha mkono juu ya udongo akaniambia, "Mlamu, lete jembe." Mungu ampumzishe.

Kesi ilikwisha kwa faini na kunyang'anywa leseni. Misheni ikaniondoa kwenye ukaguzi ikanipeleka Igowole kuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kabla ya kuhamia huko nilikwenda kwa Bwana Miwani kumwomba radhi, kwa sababu nilikuwa nimemdanganya yeye pia. Safari hii sikuvaa tai. Nilimweleza yote. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu, masika pikipiki yako iko wapi?"

"Ndani, mzee. Barabara ya Igowole haipitiki. Naifunika gunia."

"Sasa unailipia bima kulala?"

Nikaanza kuhesabu miezi ya masika kwa vidole.

"Nani mwingine anaiendesha?"

"Hakuna."

"Unapakia watu?"

"Hapana."

"Wezi je?"

"Inalala chumbani, mimi na mke wangu tunalala jikoni."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanionyesha kwa kidole, kwenye kitabu kile kile alichonifungulia mwaka wa kwanza: kuna bima ndogo, ya kumlipa mtu utakayemuumiza wewe, na kuna bima kubwa, ya kila kitu. Mimi nilikuwa nimelipia kubwa, ya mwaka mzima, ya dereva yeyote na ya abiria. Mtu kama mimi, alisema, angeweza kuchukua ndogo, ya miezi ya kiangazi tu, kwa dereva mmoja. Ingekuwa chini ya nusu. Ilikuwa chini hata ya ule mchango niliompa Ambakisye. "Nilikuwa nakueleza," akasema, "ukaniambia nipe ile nzuri."

Niliuza pikipiki. Fedha yote nikampa Yohani kwa matibabu na chakula, na haikutosha, maana shamba halilimwi kwa fedha ya hospitali. Mke wangu ndiye aliyeamua. Alikuwa Mnyakyusa kati ya Wahehe na Wabena, mgeni, mke wa mwalimu aliyeaibika. Akachukua jembe, akaenda kwenye kinyungu cha Yohani, ile bustani ya bondeni ya kiangazi, akaanza kupalilia bila kusema na mtu. Siku ya tatu kina mama wa Igowole wakamwuliza anafanya nini. Akasema, "Ninamlipia mume wangu bima." Wakacheka, wakaenda kuchukua majembe yao. Masika yalipokaribia, shamba lote la mlimani lililimwa kwa siku mbili, nami nilikuwa katikati ya watu hao na malengelenge mikononi, na wanafunzi wangu wa darasa la kwanza walinionyesha jinsi ya kushika mpini. Yohani alikaa kwenye gogo, mguu ameunyoosha, akitoa amri kama bwana shamba.

Nimekaguliwa na wakubwa wengi maishani, ndugu zangu. Sijawahi kuona fahari kama ya siku ile.

Yohani alitembea tena. Alichechemea, lakini alitembea, na alivuna.

Miaka michache baadaye leseni ilirudi, nikapata pikipiki nyingine, nzee kuliko ya kwanza. Nikaenda kwa Bwana Miwani pamoja na mke wangu. Nilisimama pembeni. Mama Neema akakaa kwenye kiti mbele ya meza ile yenye kalamu na wino, akaweka kikapu chake chini, akaanza. Hiki cha nini? Na hiki tukikiondoa? Na kama tukilipa yote leo, unapunguza ngapi? Na mume wangu asipogonga mtu mwaka mzima, mwakani utamfikiria? Alimbishania bima kama viazi. Bwana Miwani alitoka jasho, akapunguza, na mwisho akatuletea chai. Cheti kile ninacho mpaka leo, kimeandikwa: miezi ya kiangazi, dereva mmoja, hakuna abiria. Ninakitunza pamoja na cheti cha ndoa, na sijui kipi ninakionea fahari zaidi.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kurudi nayo Igowole. Mahali pale pale nilipomgonga, kwenye mlima, asubuhi isiyo na ukungu, nikamkuta Yohani anapanda polepole na gunia lake. Nikasimama. Akaizunguka pikipiki mpaka nyuma, akainama, akakisoma kibao cha namba kwa kidole, tarakimu moja moja.

"Sasa za walimu zina namba," akasema. "Haya, nipakie, mwanangu. Mguu huu ni wako."

Nikamwambia, "Baba, bima yangu hairuhusu abiria."

Nilifikiri atakasirika. Akacheka, akalitua gunia lake kwenye kiti. Nikazima mashine. Tukaupanda mlima ule kwa miguu, mimi nikisukuma, yeye ameshika gunia lisianguke, tukizungumza habari za viazi, mpaka mlangoni kwake. Magari yalitupita, watu wakatuangalia. Sikuona aibu hata kidogo.

Vijana wangu wa mlangoni, najua mmebanwa. Najua wengine mna karatasi ambazo hampendi zitazamwe karibu. Nendeni mkaulize, hata kama mtaonekana hamna na hamjui. Na yule asiye na pikipiki lakini ana mfuko wake wa unga mahali fulani, naye aje. Mungu niliyemwendea nyuma ya hospitali sikumwendea na kitu, na hakunifukuza. Yeye ninamshukuru, na mwanamke yule wa mstari wa pili ninamshukuru. Nimemaliza. Mama Neema, nishike mkono, ngazi hizi siku hizi nazo zinataka bima.